Uzito wa Nthambi

Katangi,
20 Februari 1999

Wifi yangu Kavutha,

Pokea salamu za wote uliowaacha huku: mimi, mbuzi na paa linalovuja. Nasema linavuja kwa mazoea tu, maana mvua yenyewe hatujaiona. Ng'ombe mweusi amezaa ndama dume, kwa hivyo hakuna aliyeshangilia. Mchungaji Wathome anasema bado anakuombea, ingawa Jumapili iliyopita alisahau jina lako nikamnong'oneza.

Mtoto ni mzima. Siku za kwanza alikuwa akikutafuta nyuma ya mlango. Sasa haangalii huko.

Unajua Nthambi ni nani kwangu. Siku ndugu yangu Mwanzia alipompa jina la marehemu mama yetu, alinirudishia mama. Namwita mwaitu, mama yangu, kama nilivyomwita yule wa kwanza, naye anaitika na miaka yake miwili. Unapomuwaza huko mjini usiseme tu kwamba ni mtoto wako. Sema pia ni mama wa mtu.

Nakukumbusha tulivyopatana, kwa sababu mtu akishaona taa za Machakos husahau. Ukuta wa mchanga ulipowaangukia wewe na Mwanzia mkichimba mchanga wa kuuza kule mtoni, yeye alikufa na wewe ukafukuliwa ukiwa hai. Mwaka mzima nimewalisha, wewe na mtoto, na sikunung'unika mbele za watu. Wewe mwenyewe ulimwambia Mchungaji kwamba huwezi kumwinua mtoto kutoka sakafuni. Tukasema basi, nenda ukatibiwe mgongo, na siku utakayopona umchukue. Na kupona hakutasemwa na mgonjwa. Kliniki ndiyo itakayosema, nami nitakubali, maana mimi ni mwalimu na ninaheshimu maksi.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Fanya mazoezi.

Wifi yako,
Ndila


Machakos,
21 Machi 1999

Dada Ndila,

Nafurahi kusikia ng'ombe alizaa salama, hata kama ni dume. Mimi niko vizuri. Nimepata chumba kwa mama mmoja Mwislamu anaitwa Faiza, mwenye hoteli ndogo karibu na msikiti. Namkandia unga wa mahamri, ndiyo kodi yangu. Nakanda nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa ndiko kunakoniua. Ana maneno mengi lakini moyo wake ni mzuri.

Kliniki ya mgongo iko kwenye ukumbi wa kanisa, kila Jumanne. Anayetutibu ni kijana, Onesmus Ndeti, hatoi dawa, anatoa mazoezi. Siku ya kwanza alinionyesha rula ya karatasi ngumu. Mwanzo wake ni sifuri, hakuna maumivu. Mwisho wake ni kumi, maumivu ambayo mtu hawezi kuyavumilia. Akaniuliza, "Mama, leo uko wapi hapa?" Nikasema mbili.

Dada, ningesemaje? Mtu hajakupa hata kiti, ni kijana wa rika la mdogo wangu, na neno lake la kwanza ni kukuuliza uchungu wako. Kwetu ukiulizwa habari unasema nzuri, kisha polepole mnafika kwenye ugonjwa. Nilingoja aniulize mara ya pili, kama watu wanavyoulizana. Hakuuliza. Aliandika mbili akaenda kwa mwingine. Na mimi nilikuwa nimefika pale nikishika kuta.

Halafu kila mgonjwa anachagua mambo matatu ambayo mgongo umemnyima. Kila baada ya miezi kadhaa anaulizwa kama yamerudi. Nilichagua kukaa kanisani ibada nzima, kuosha miguu yangu mwenyewe, na kumbeba Nthambi mgongoni.

Pasaka inakaribia. Nakuomba uje naye, au umpe mtu wa kanisa anayekuja mjini. Nataka kumwona tu. Sitamzuia.

Ni mimi,
Kavutha


Katangi,
16 Mei 1999

Wifi yangu,

Mvua ilikuja ikaondoka kabla hatujamaliza kuisifu. Kunde zimeshika, mahindi yanafikiria. Barua yako ilifika kabla ya Pasaka, lakini niliitia ndani ya Biblia, na ile Biblia nikamwazima mke wa Mchungaji. Ndiyo maana hukutuona. Mtoto hakuuliza lolote, kwa hivyo hatukumkosea.

Mbili! Na mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba unateseka. Hongera kwa adabu. Mama yako alikulea vizuri, kuna wengine wangepiga mayowe mbele ya kijana wa watu.

Katika yale mambo yako matatu, la mwisho limenipendeza sana. Nimemweleza Mchungaji naye amekubali, kwa hivyo liwe ndilo patano letu: siku utakayombeba mama yangu mgongoni, kutoka barabara kubwa hadi langoni pangu, huku wanawake wa kanisa wakiona, mpeleke unakotaka. Sitafungua mdomo.

Basi ni haki ujue utabeba nini. Nilimpeleka zahanati akaning'inizwa kwenye mizani, akafikisha kilo kumi na moja na nusu. Ninampa uji wa wimbi wenye maziwa, yai kila asubuhi, na karanga nasaga kwa mkono wangu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe ongeza nguvu huko, sisi tunaongeza kilo huku, tuone nani atachoka kwanza.

Ndila


Machakos,
8 Agosti 1999

Dada Ndila,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Nilinyamaza muda mrefu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliandika vibaya. Faiza amepata mjukuu, wamemwita Ramzi. Walinipa nimshike. Nilimshika nikiwa nimekaa, nikamrudisha haraka kwa mama yake, nikaenda uani.

Sasa jambo lenyewe, na nakueleza mwenyewe ili usije ukalisikia kwa mwingine. Ndeti alinipima tena. Aliniona ninavyokaa na ninavyoinuka, akatazama ile mbili yake, akanitazama. "Mama, ulinidanganya?" Nikamwambia sikudanganya, nilikuwa nasalimu. Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akavuta kiti.

"Hii rula si salamu, mama. Hapa hakuna aibu. Siku ile ulikuwa wapi, kwa ukweli?"

"Tisa."

"Na leo?"

"Sita."

Akasema basi nimeendelea vizuri sana. Lakini iliyoandikwa kwanza haifutwi, ndio utaratibu wao. Majibu ya wagonjwa wote yanapelekwa Nairobi na kila mmoja anapimwa kutoka pale alipoanzia. Kwa hiyo kwao nilianza mbili na leo niko sita. Ameandika maelezo pembeni, na anasema ameona wanawake wengine wa huku kwetu waliofanya kosa kama langu.

Miguu naosha mwenyewe. Kanisani nakaa mpaka mahubiri, nasimama kwa wimbo, nakaa tena. Na kubeba nimeanza. Ndeti anajaza mfuko, ananifungia kwa leso mgongoni, natembea nao uwanjani. Anajaza mchanga, dada. Siku ya kwanza nilitapika. Sikumwambia kwa nini, akadhani ni chakula. Sasa nabeba.

Nitumie picha yake moja. Hata ile ambayo hajacheka.

Kavutha


Katangi,
3 Oktoba 1999

Wifi yangu,

Tumemaliza mtihani wa majaribio na darasa langu limenitia aibu. Jua ni kali. Yule ndama tulimuuza.

Mchungaji alikuwa na mkutano Machakos nikamwomba apite kliniki, na yule kijana wako, kwa kuwa ni mtu mwema na hana siri, alimwonyesha. Mbili, kisha sita. Mchungaji alirudi na huzuni. Ameniuliza, "Mwalimu, hii tiba inamuua ama inamponya?" Nikamwambia mimi si daktari, lakini hesabu za darasa la sita nimezifundisha muda mrefu, na sita ni kubwa kuliko mbili.

Usinikasirikie. Unasema ilikuwa tisa. Hiyo tisa iko wapi? Iko moyoni mwako, na moyo haupelekwi Nairobi. Mwanafunzi akiandika mbili, kisha aje kwangu aseme, mwalimu, nilijua ni tisa ila niliona haya, nimpe maksi? Nimewachapa watoto kwa udhuru mdogo kuliko huo. Yale maelezo ya pembeni Mchungaji aliyaona pia, lakini yako kwa Kiingereza cha hospitali, na mimi sikuwepo kumtafsiria.

Mpiga picha alikuja siku ya soko, akamkuta mtoto amelala. Tukiongea habari za picha, ile ya harusi yenu bado iko ukutani kwangu. Mtoto aliniuliza yule mwanamke ni nani. Nikamwambia ni shangazi. Si uongo mkubwa, tumebadilishana majina tu, na wewe ulipendelea kukaa mjini.

Kilo kumi na tatu. Krismasi usije bila kuandika, watu wageni wanamshtua.

Ndila


Machakos,
14 Novemba 1999

Dada Ndila,

Faiza anakusalimu, ingawa si kwa maneno ambayo ningeyaandika.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingeinuka. Nilimsomea Faiza naye akatupa kijiko. "Huyo mtoto ni wako. Enda umchukue. Mohamed atakupeleka na pickup na hakuna mtu atasema kitu." Mohamed ni mume wake. Nilimwambia hapana. Nilitoa neno mbele ya Mchungaji, na nikimchukua mtoto kwa nguvu ataitwa wa kuibwa katika ukoo wa baba yake, na mimi nitakuwa nimempa jina hilo. Lakini ujue nilifikiria.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yaliyobaki nimeyameza.

Ndeti ameniambia ukweli wote. Niko tano, na huenda nisishuke chini ya hapo maisha yangu yote. Nililia. Akaniambia nisiangalie rula peke yake, mgongo unapimwa pia kwa kile unachoweza kufanya nao. Kuna watu wa mbili ambao hawatoki kitandani, na kuna watu wa saba wanaolima. Nilimwambia basi niandike kwa hao wanaolima.

Tuache mbili, tuache sita. Wewe mwenyewe ulisema ni siku nitakayombeba. Mfuko wangu sasa una kilo kumi na nne, nauzungusha ukumbi wote bila kushika ukuta. Unauma, na nabeba. Nitakuja Jumamosi tarehe kumi na nane Desemba. Nimemwandikia Mchungaji awaite wanawake wa kanisa. Nitachutama barabarani kwenu na kumgeuzia mgongo, na atapanda.

Kavutha, mama wa Nthambi


Katangi,
9 Januari 2000

Wifi yangu,

Heri ya mwaka mpya. Waliosema dunia ingeisha wamerudi shambani wakiwa na haya. Leso yako uliiacha imeanguka barabarani. Nimeifua nikaikunja, na iko kwa Mchungaji.

Umemtuma aniulize nilimwambia mtoto kitu gani. Ungeniuliza mimi, kwani tumegombana?

Nianze na sifa. Ulikuja ukitembea wima hata mimi nikashangaa. Ulichutama vizuri, wanawake wakashika leso pande zote mbili, na kama angekuwa ni mfuko ungeubeba mpaka Ekalakala. Lakini mama yangu alikimbia akashika nguzo ya lango, na kila walipomvuta alipiga kelele, "Nitamuua." Wote walisikia. Wewe ulikuwa bado umechutama, umegeuka, mikono imenyooshwa nyuma, na ulikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyopendeza. Mpaka Mchungaji akasema inatosha.

Nilimwambia hivi. Nilimwambia kwamba mgongo wa yule shangazi wa kwenye picha ulivunjika, na siku mtoto atakapoupanda, shangazi atakufa, kama baba alivyokufa chini ya mchanga. Nilimwambia polepole, kila jioni, kama ninavyofundisha jedwali la kuzidisha, mpaka akawa anamalizia mwenyewe. Ni uongo? Kliniki yako ndiyo iliyoandika kwamba unazidi kuharibika.

Na fikiri vizuri kabla ya kunichukia. Mtoto mwenye roho mbaya angepanda. Huyu alikataa kwa huruma, na huruma hiyo ni malezi yangu. Ulisafiri na mgongo wako wote huo ukakuta unapendwa. Wengine hatujawahi kupata hata hilo.

Lile neno ulilolimeza mwezi wa Novemba nililisikia hata hivyo. Ndiyo, sikuzaa. Ulizaa wewe, na alipoogopa alikimbilia sketi yangu. Sasa huo uchungu wa mwana nani anaujua?

Mchungaji anasema patano halikutimia. Kilo kumi na nne na nusu. Pasaka usije.

Ndila


Machakos,
13 Februari 2000

Dada Ndila,

Salamu, na asante kwa kuifua leso.

Jumanne Ndeti alinipima mara ya mwisho. Kukaa kanisani, naweza. Kuosha miguu, naweza. Akafika kwa mtoto. "Na kubeba?"

Nikamwambia mgongo unaweza.

"Ulimbeba?"

"Hakupanda."

Alisoma tena swali kwenye karatasi yake. Halafu akasema, taratibu, kwamba swali lao linahusu mgongo tu, akaandika kwamba naweza. Kwa kliniki nimepona, dada. Mimi ni mmoja wa waliofaulu, na nafasi yangu amepewa mwanaume wa Ekalakala aliyeanguka kutoka kwenye paa. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za kanisa nikalia, na haikuwa kwa ajili ya mgongo. Nakuchukia. Sikujua kwamba naweza kumchukia mtu hivi na bado niandike "dada".

Nimefikiri sana juu ya mtoto wangu kushika ile nguzo. Amefundishwa, na aliyefundishwa hafundishiki tena kwa maneno. Hata nikimwapia hataniamini, na sitaki kumfunga kwa nguvu mgongoni huku akidhani ananiua. Kwa hiyo nimeacha kazi kwa Faiza. Mwisho wa mwezi nahamia Katangi, nimepanga chumba sokoni nyuma ya kinu cha posho. Nitachotea hoteli za sokoni maji, mtungi wa lita ishirini mgongoni na mukwa, ule ukanda wa ngozi, kwenye paji la uso, kama mama zetu walivyobeba.

Ndeti amenikataza. Amesema mazoezi ni kitu kimoja na kuchota maji kila siku ni kingine, nitarudi nane, labda tisa, na safari hii hatakuwepo wa kunipima. Nimemsikia.

Njia ya kisimani inapita kando ya ua wako, na ni njia ya watu wote. Sitaingia. Sitamwita. Nitapita tu asubuhi na jioni nikiwa nimebeba kitu kizito kuliko yeye, na yeye ana macho.

Kavutha


Katangi,
2 Aprili 2000

Kavutha,

Nakuandikia ingawa nikipaza sauti kutoka hapa ungenisikia. Barua nitamwachia mwenye kinu. Mvua imeanza vizuri mwaka huu, na Mchungaji ana malaria.

Nimekuwa nikikutazama. Unatembea vibaya. Siku za kwanza ulikuwa wima, sasa umepinda upande, na jioni mguu wa kushoto unauburuta. Jumanne ulisimama ukashika mti wa ua wangu, uso umekuwa wa majivu, nikajua ni hapo utakapoanguka. Nilimwita mtoto aje aone. Nakuambia hilo kwa sababu nimechoka kuandika barua zisizo na ukweli. Alikuja, nikamsimamisha mbele yangu na mikono yangu mabegani mwake. Halafu ukauachia mti ukaendelea na safari.

Tangu siku hiyo anaamka kabla yangu. Uji hataki kuunywea jikoni, anaunywea langoni. Nilimfungia nyuma ya nyumba, akapita chini ya waya akajikwaruza. Kuimba haimbi, kucheza hachezi, anangoja. Ukipita hasemi kitu. Nawe husemi kitu, na hicho ndicho nisichoweza kukilalamikia kwa mtu yeyote.

Jana asubuhi alikutazama mpaka ukaingia kwenye kona ya kisima. Kisha akanigeukia, na midomo ina uji, akaniuliza, "Mbona yule hafi?"

Nilimwambia anywe uji wake. Akaniuliza tena leo, na safari hii hakungoja nijibu.

Kuna njia nyingine ya kwenda kisimani, ile ya juu, inayopita shuleni. Ni ndefu kidogo lakini haina mawe. Nakuomba kuanzia kesho upite huko.

Ndila